Hodi ya Msafiri

Kila safari huzaa maswali ya namna mbili. Ya kwanza ni maswali ya mfuko: nitafika kwa njia gani, nitalala wapi, nitakula nini, na yote hayo yatanigharimu kiasi gani? Ya pili ni maswali ya moyo: nitakuwa nani kwa watu ninaokwenda kwao, nao watabaki na nini nitakapokuwa nimeondoka? Maswali ya mfuko hayahitaji mwalimu. Fedha yenyewe huyafundisha, na asiyejifunza kabla ya safari hujifunza njiani kwa majuto. Maswali ya moyo hayana mfundishaji wa namna hiyo. Mtu aweza kuizunguka dunia nzima bila kuyauliza hata mara moja, akarudi kwao salama, akaonyesha picha zake, asijue kamwe kwamba alikuwa mzigo kwa watu waliompokea. Nia ya insha hii ni kuyatazama maswali hayo ya pili. Ili tusizungumze hewani, tuchukue nchi moja ya kweli, tupange safari ya kwenda kupumzika huko, na tuone mpango mwema wapaswa kuwa na mambo gani.

Nchi hiyo ni Samoa, iliyomo katika Bahari ya Pasifiki, katika sehemu ile ya visiwa vingi iitwayo Polinesia. Ina visiwa viwili vikubwa, Upolu na Savai'i, na vingine vidogo vidogo. Mji wake mkuu, Apia, uko Upolu. Watu wake ni laki mbili na kidogo tu. Ilitawaliwa na Wajerumani tangu 1900, kisha na New Zealand tangu 1914, ikapata uhuru wake tarehe 1 Januari 1962, karibu miaka miwili kabla ya Kenya. Haifai kuichanganya na jirani yake wa mashariki, Samoa ya Marekani, ambayo iko chini ya Marekani hadi leo.

Uzuri wa nchi hiyo si hadithi ya kutunga. Milima yake ilizaliwa na volkano. Huko Savai'i mlima Matavanu ulitapika moto kuanzia 1905 hadi 1911, ukafunika vijiji, na mpaka sasa msafiri huweza kuziona kuta za kanisa ambamo mawe yaliyoyeyuka yalipita yakaganda. Huko Upolu, katika kijiji cha Lotofaga, kuna shimo pana liitwalo To Sua, ambalo maji ya bahari huliingia chini kwa chini, na watu huteremka kwa ngazi ndefu kwenda kuogelea. Mtoto wa Pwani yetu angeona mengi ya kumkumbusha kwao: minazi, migomba, mishelisheli, magimbi, na mitumbwi yenye gogo la kuelea ubavuni mfano wa ngalawa. Na hilo si la kustaajabisha sana, kwa maana wachunguzi wengi wa mambo ya kale hufikiri kwamba ngalawa yetu iliiga vyombo vya mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka kusini mashariki ya Asia, watu wa ukoo mmoja na mababu wa Wapolinesia na wa wenyeji wa Madagaska.

Chukulia basi, msomaji, kwamba umekua, umepata kazi, na kwa miaka kadhaa umeweka akiba, maana haba na haba hujaza kibaba. Umeamua kwenda Samoa kupumzika. Maswali ya mfuko utayajibu hivi. Kutoka Nairobi hadi Apia, hata kama ungeruka kama ndege wa angani bila kukata kona, ni zaidi ya kilomita 16,000. Hakuna ndege iendayo moja kwa moja. Wengi hupitia Auckland, New Zealand. Miezi ya Novemba mpaka Aprili ni ya mvua nyingi, tena ni miezi ya vimbunga. Kimbunga kilichoitwa Evan kiliiharibu Upolu vibaya katika Desemba 2012. Miezi ya Mei mpaka Oktoba ina ukavu zaidi, kwa hiyo likizo ya Agosti yafaa kuliko ya Desemba. Utachukua nguo nyepesi, viatu vya kutembelea juu ya mawe, na fedha za kutosha, na utaweka akiba nyingine kando kwa ajili ya dharura.

Utaipanga upya saa yako pia. Ikiwa Nairobi ni saa nane za usiku, Apia ni saa sita za mchana wa siku ile ile. Jambo hili la saa lina somo ndani yake. Mwaka 1892 Samoa iliingizwa katika hesabu ya siku iliyowafaa wafanya biashara wa Marekani, hata tarehe 4 Julai ya mwaka ule ikaja mara mbili. Baadaye biashara yao ikawa zaidi na Australia na New Zealand, ambako ilikuwa tayari ni Jumatatu hali kwao ilikuwa bado Jumapili. Basi mwishoni mwa 2011 waliihama siku. Alhamisi, tarehe 29 Desemba, ilifuatwa na Jumamosi, tarehe 31, na Ijumaa ya katikati haikuwako kabisa. Watu wenye uwezo wa kuifuta Ijumaa katika kalenda yao si watu wanaongoja mgeni aje awapangie siku. Mgeni ndiye apasaye kuigeuza saa yake ilingane na yao.

Hapa ndipo maswali ya moyo yanapoanza. Watu wengi waendao katika visiwa vya Pasifiki hawaendi katika nchi. Huenda katika picha. Picha hiyo tumeiona sote: mnazi mmoja ulioinama, mchanga mweupe, maji ya samawati, wala hapana mtu. Chini yake yameandikwa maneno ya kuvutia, na neno lipendwalo kuliko yote ni pepo. Picha hiyo haisemi uongo kwa kile inachokionyesha, kwa maana mchanga ni mweupe kweli na maji ni ya samawati kweli. Husema uongo kwa kile inachokificha. Imemficha mama aliyeamka alfajiri kufagia majani pwani. Imemficha mzee ambaye babu yake amezikwa hatua chache kutoka mnazi ule. Imewaficha watoto waendao shule, mchungaji, mvuvi, na mgonjwa aliyelala ndani. Pepo ni mahali pa raha pasipo mwenyewe wa kukuuliza umetoka wapi. Duniani mahali pa namna hiyo hapapo. Kila pwani ina mwenyewe.

Huko Samoa maneno haya si methali tu bali ni sheria. Sehemu kama nane katika kila kumi za ardhi yao ni ardhi ya mila, iliyo mikononi mwa jamaa na wazee wao waitwao matai, na Katiba yao inakataza isiuzwe. Kwa hiyo pwani unayoiona tupu si tupu. Kisima cha kuogea, maporomoko ya maji, njia ya kwenda mlimani, vyote vina jamaa inayovitunza, na aghalabu utaombwa ulipe ada ndogo kabla ya kuingia. Wako wasafiri wanaokasirika kwa ada hiyo, wakisema kwamba bahari ni ya Mungu. Naam, bahari ni ya Mungu, lakini ngazi ya kuteremkia imejengwa na mtu, na njia imelimwa na mtu.

Tazama sasa nyumba yao ya asili, iitwayo fale. Ina sakafu iliyoinuliwa, nguzo zilizozunguka, na paa, kuta haina. Upepo hupita, na apitaye njiani huona waliomo wakila, wakizungumza, wakiomba, wakilala. Sisi tuliozaliwa katika lugha ya Kiswahili tumelelewa katika adabu ya hodi. Hatuingii nyumbani kwa mtu, hata kama mlango u wazi, mpaka tumepiga hodi na kuitikiwa karibu. Tukipiga mara tatu bila kuitikiwa, twarudi. Je, katika nyumba isiyo na mlango wala ukuta, hodi itapigwa wapi? Mgeni asiye na adabu atajibu kwamba hapana haja ya hodi, kwa kuwa hapana kizuizi. Atasimama atazame ndani, atapiga picha, atapita katikati. Mgeni mwenye adabu atajibu kinyume chake: kwa kuwa hapana ukuta wa kunizuia, nitajizuia mwenyewe. Ukuta ni ulinzi wa mwenye nyumba juu ya watu wasiojizuia. Nyumba isiyo na ukuta ni dalili ya jamii iliyowaamini watu wake kwamba kila mmoja anao ukuta moyoni. Mgeni aingiapo kati yao bila ukuta huo huivunja nyumba ambayo hata mwizi hangeweza kuivunja.

Msomaji, hili ndilo jambo kubwa nililotaka kulisema, na mengine yote yatokana nalo. Hodi ya kweli haipigwi mlangoni. Hupigwa mbali sana kabla ya mlango, wakati safari ingali mpango katika karatasi. Apangaye safari bila kuwafikiri wenyeji amekwisha kuingia bila hodi, hata kama hajanunua tikiti.

Hodi hiyo hupigwaje? Kwanza, kwa kujifunza desturi kabla ya kufika. Katika vijiji vingi vya Samoa, jioni karibu na kuchwa kwa jua, kengele hulia au kombe kubwa la baharini hupulizwa, na kila jamaa hukusanyika kwa sala. Wakati huo huitwa sa. Haifai kutembea katikati ya kijiji mpaka umekwisha. Jumapili ni siku ya kanisa na ya chakula cha jamaa kilichookwa juu ya mawe ya moto. Maduka mengi hufungwa, na vijiji vingine havipendi watu waogelee siku hiyo. Nguo ya kuogelea ni ya baharini, si ya kijijini; kijijini watu hujifunga lavalava, kitambaa kinachofanana na leso au kikoi chetu. Ndani ya fale huketi umekunja miguu, usiwaelekezee wengine nyayo zako. Hapana hata moja katika haya lililo gumu kwa kijana aliyelelewa Lamu, Kakamega au Machakos. Majina ni mengine, heshima ni ile ile.

Walakini patatokea mtu aseme: "Mimi nimelipa. Nimelipa ndege, nimelipa kitanda, nimelipa chakula. Aliyelipa hana deni, na asiye na deni yu huru kufanya apendavyo." Hoja hii husemwa na watu wengi, hata wasomi, basi tuipime. Fedha hununua kitu kilichowekwa sokoni na mwenye kukiuza. Ukilipa kitanda, umenunua usiku mmoja wa kitanda. Lakini ukimya wa jioni ya sala hakuna aliyeuweka sokoni. Heshima ya wazee haikupangwa juu ya meza ikatiwa bei. Afya ya watoto wa kijiji haina stakabadhi. Ukiviharibu vitu hivyo, huwezi kusema ulivilipia, kwa sababu hapakuwa na muuzaji. Aidha, aliyelipwa ni mmoja, na waliosumbuliwa ni wengi. Mwenye hoteli amepokea fedha yako. Bibi kizee wa nyumba ya tatu hakupokea hata senti moja, naye ndiye uliyemwamsha kwa muziki wako usiku wa manane.

Historia ya Samoa ina kisa kinachoonyesha jinsi deni la mgeni lilivyo zito. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune iliingia bandarini Apia ikitoka Auckland. Ndani yake mlikuwa na abiria wenye homa ya mafua, ile homa kali iliyowaua watu wengi duniani mwaka ule. Wakuu wa New Zealand waliokuwa wakitawala hawakuizuia meli, na abiria wakateremka. Katika majuma machache walikufa watu wapatao 8,500, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Wazee waliohifadhi mila walikufa, wazazi walikufa, na vijiji vikakosa watu wa kuzika. Katika Samoa ya Marekani, ng'ambo ya bahari isiyo pana sana, gavana aliamuru meli zitengwe na wageni wachunguzwe. Na huko hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alikwenda Apia akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Karibu miaka 84 ilikuwa imekwisha kupita.

Fikiri juu ya jambo hili kwa utulivu. Abiria wa Talune hawakuwa wauaji. Hawakubeba mapanga wala bunduki. Lawama kubwa iliwaangukia wenye mamlaka, ambao kazi yao ilikuwa kuuliza nao hawakuuliza. Lakini kisa chenyewe chatufundisha kwamba mgeni aweza kuleta maangamizi bila kumchukia mtu yeyote. Kutokuwa na nia mbaya si sawa na kuwa na nia njema. Nia njema huuliza, huchunguza, hujizuia, kutokuwa na nia mbaya hukaa tu na kusema, "Sikujua." Mara ngapi madhara makubwa ya dunia yameletwa na watu waliosema hawakujua, hali kujua kulikuwa ndani ya uwezo wao!

Wala usidhani kwamba hayo ni ya zamani tu. Katika miezi ya mwisho ya 2019 ugonjwa wa surua uliingia Samoa pamoja na wasafiri, ukakuta watoto wengi hawajachanjwa. Watu 83 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Miezi michache baadaye, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, nchi ile ilifunga mipaka yake Machi 2020 na haikuifungua kwa wageni wote mpaka Agosti 2022. Wageni wengi waliona ukali. Aliyejua habari za 1918 hakuona ukali, aliona kumbukumbu. Kwa hiyo katika mpango wako wa safari, chanjo si jambo la mfuko wala la afya yako peke yake. Ni hodi. Asafiriye akiwa mgonjwa ili asipoteze tikiti yake amepima bei ya tikiti na uhai wa mtoto asiyemjua, na ameona tikiti ni ghali zaidi.

Hapo mwingine atasema: "Ikiwa mgeni ni hatari hivyo, basi heri abaki kwao." Na ataongeza, kwa haki, kwamba ndege iendayo mbali huchoma mafuta mengi, kwamba moshi wake ni miongoni mwa mambo yanayoongeza joto la dunia, kwamba joto hilo huinua bahari, na kwamba Wasamoa wengi hukaa pwani. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, wala haifai kuipuuza. Mimi sioni jibu lililo safi kabisa. Naona tu kwamba safari ya mbali namna hiyo isiwe jambo la kila mwaka, wala isifanywe kwa ajili ya kujionyesha. Aendaye mara moja katika maisha yake, akakaa siku nyingi, akajifunza, amelipa madhara yale kwa thamani fulani. Aendaye kwa siku tatu ili apate picha ya kuwaringia wenzake ameleta moshi peke yake.

Lakini kusema kwamba wageni wasiende kabisa ni kuwasahau wenyeji kwa njia nyingine. Tarehe 29 Septemba 2009 tetemeko lililotokea chini ya bahari lilileta mawimbi makubwa katika pwani ya kusini ya Upolu. Zaidi ya watu 140 walikufa katika nchi ya Samoa. Pwani ya Lalomanu, iliyokuwa na vibanda vya wageni vya jamaa mbalimbali, ilifagiliwa. Jamaa zilizika watu wao, kisha zikajenga tena vibanda pale pale, zikawangoja wageni. Hazikufanya hivyo kwa kuwapenda wageni kuliko maiti wao. Zilifanya hivyo kwa sababu wageni ni sehemu ya riziki zao, pamoja na fedha wanazoletewa na ndugu zao walio New Zealand na Australia. Anayekataa kwenda kwa kudai kwamba anawahurumia, asiwaulize wenyewe wataka nini, naye pia hajapiga hodi. Hivyo mpango mwema hutafuta mahali ambapo fedha ya mgeni humfikia mwenyeji: kulala katika kibanda cha jamaa ya kijijini, kula magimbi na samaki wa huko, kununua mkeka kwa mwanamke aliyeusuka.

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yatuambia kwamba mgeni huja na baraka. Ya pili yatuambia baraka hiyo hupatikana wapi, nayo hupatikana mikononi mwake. Wasamoa nao wanayo sheria ya namna hiyo. Tangu kale watu wa kijiji kimoja wamekuwa wakikitembelea kijiji kingine katika msafara uitwao malaga. Wageni hupokewa kwa hotuba na kinywaji cha heshima, hulishwa, na zawadi hupita pande zote mbili. Siku nyingine waliopokea huwa wasafiri, na waliosafiri huwa wapokeaji. Zamu huigeuza ugeni kuwa udugu.

Mgeni mmoja aliyejifunza jambo hilo alikuwa Robert Louis Stevenson, mwandishi wa hadithi iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Alifika Samoa mwishoni mwa 1889 akiwa na ugonjwa wa mapafu, akitafuta hewa ya kumponya; yaani alikwenda kwa faida yake mwenyewe, kama waendavyo wasafiri wote. Sisemi kwamba alikuwa malaika. Alinunua zaidi ya ekari 300 pale Vailima akaishi kama bwana mwenye watumishi. Lakini alishika jembe lake, na jembe lake lilikuwa kalamu. Mwaka 1892 alitoa kitabu kizima kueleza jinsi Ujerumani, Uingereza na Marekani zilivyokuwa zikiivuruga nchi ile. Wakubwa wa Kisamoa walipofungwa gerezani, aliwatembelea na kuwapelekea chakula. Walipofunguliwa mwaka 1894, baadhi yao walilima barabara ya kwenda nyumbani kwake kwa mikono yao, iwe shukrani. Alipokufa, tarehe 3 Desemba mwaka huo huo, Wasamoa walikata njia katika msitu wa mlima Vaea, wakambeba juu mpaka kileleni, wakamzika huko. Alikuja kuomba pumzi, akapewa kaburi la mwenyeji.

Imebaki hoja moja, nayo ni ya watu waliochoka. "Mimi nakwenda kupumzika," watasema. "Nikianza kuhesabu desturi na kuchunga miguu yangu, nitapumzika lini?" Hoja hii hutoka katika kudhani kwamba kupumzika ni kutokuwa na wajibu kwa mtu yeyote. Kama ingekuwa hivyo, hapana mahali pa kupumzikia pazuri kuliko jangwani. Mtu aliyechoka hachoshwi na adabu. Huchoshwa na haraka, na kelele, na kutotambuliwa na watu anaopishana nao kila siku. Dawa ya uchovu huo ni kukaa mahali ambapo watu wana wakati, na ambapo jina lako laweza kujulikana. Lakini jina la mgeni halijulikani bila salamu. Anayenyamaza saa ya sala pamoja na kijiji kizima, hata kama hasali, atagundua kwamba pumziko alilolifuata kwa kilomita 16,000 lilikuwa katika ukimya ule.

Yawezekana, msomaji, kwamba hutaiona Samoa maisha yako yote. Hata hivyo neno hili lakuhusu kwa pande mbili. Wewe ni mgeni kila uendapo kwa shangazi, kila shule yenu ikizuru mji mwingine, kila uvukapo mpaka wa kaunti yako. Na wewe ni mwenyeji, kwa maana pwani ya Kenya, kutoka Kiunga mpaka Vanga, ni picha katika vitabu vya wageni wa nchi nyingine, na katika picha hiyo mara nyingi wewe pia umefichwa. Unajua uchungu wa mvuvi aliyezuiwa njia ya baharini aliyoipita babu yake. Unajua aibu ya wazee mgeni apitapo nusu uchi mbele ya msikiti. Ujuzi huo ni mizani uliyopewa bure. Kabla ya kufanya jambo lolote huko uendako, litie katika mizani hiyo: je, ningependa kutendewa hili kwetu?

Kwa hiyo ukikaa siku moja kupanga safari, igawe karatasi yako mara mbili. Upande mmoja andika ndege, kitanda, chakula na akiba. Upande wa pili andika haya: Ardhi nitakayoikanyaga ni ya nani? Wana desturi gani, na siku yao takatifu ni ipi? Je, nimechanjwa, na ni mzima? Fedha yangu itamfikia nani? Nitawaachia nini zaidi ya nyayo? Ukishindwa kuujaza upande huu wa pili, safari yako haijawa tayari, hata kama fedha zimetimia. Ukiweza kuujaza, nenda kwa amani. Utakapofika kwenye nyumba isiyo na mlango, simama nje kidogo, uinamishe kichwa, ungoje. Mwenye nyumba atakuona. Naye, kwa lugha ambayo hukuwahi kuisikia, atakuambia neno ambalo umelijua tangu utotoni: karibu.